Uhai, Maisha na Kipande cha Magadi

Mwishoni mwa Januari 2025 niliandikia gazeti moja habari fupi kuhusu mchanga ulioletwa kutoka angani. Niliipeleka ikiwa na kichwa chenye neno uhai. Asubuhi yake nikaikuta imebatizwa upya: "Asili ya maisha yagundulika." Aya mbili za mwisho, ambamo nilieleza kisichojulikana bado, zilikuwa zimekatwa kupisha tangazo.

Kwanza, hakuna mtu aliyekuwa amegundua kitu kama hicho. Pili, hilo neno maisha. Kiswahili kimetupa maneno mawili pale ambapo Kiingereza kinahangaika na moja. Maisha ni kodi ya nyumba, ni ndoa, ni ada ya mtoto, ni ile "maisha magumu, ndugu yangu" ya kwenye daladala. Uhai ni kile ambacho kikitoka, daktari anatazama saa yake na kuandika. Bakteria ana uhai; sidhani kama ana maisha. Wanakemia hawajawahi kutafuta asili ya kodi ya nyumba.

Wiki hiyohiyo mama akanipigia kutoka Dodoma. Mwenzake wa kwaya alikuwa amekipiga picha kile kichwa cha habari, chenye jina langu chini yake, akamtumia. Hakugomba. Aliuliza tu, kwa sauti ileile anayoulizia kama nimekula: "Mwanangu, ndiyo mmeshagundua?"

Mimi na mama tuna makubaliano ambayo hatujawahi kuyatamka. Tangu nilipoacha kwenda kanisani, mwaka wa pili wa chuo kikuu, hatugusi Mwanzo sura ya kwanza. Tunaongea kuhusu presha yake, bei ya mafuta ya kula, shangazi na kesi yake ya kiwanja. Sasa kichwa cha habari ambacho hata sikukiandika kilikuwa kimetusukuma hadi pale tulipokwepa kwa miaka kumi na tano. Nikamwambia, "Mama, nikija Pasaka nitakueleza." Halafu nikabaki na miezi miwili na nusu ya kujiuliza nitaeleza nini.

Nilijua ningeanzia Chicago, mwaka 1952. Stanley Miller alikuwa na miaka 22, mwanafunzi tu, alipomwendea Harold Urey, profesa aliyekuwa na Nobel ya kemia tangu 1934, kumwomba amruhusu kujaribu jambo ambalo Urey mwenyewe aliona lingeweza kumpotezea kijana muda. Urey alikuwa anafundisha kwamba hewa ya dunia changa ilijaa methani, amonia na haidrojeni. Miller akataka kuona: ukiipiga radi hewa hiyo, kunatokea nini?

Mtambo wake ungeweza kukaa mezani. Chupa ndogo ya maji yanayochemka, hiyo ndiyo bahari. Mvuke unapanda kwenye chupa kubwa ya lita tano yenye zile gesi, na humo cheche za umeme zinapiga bila kukoma. Kisha mvuke unapozwa, unakuwa maji, unateremka kurudi baharini, unachemshwa tena. Baada ya siku moja maji yalianza kuwa ya waridi. Wiki ilipoisha yalikuwa mekundu, tena mazito. Alipoyapima akakuta asidi amino, zikiwemo glaisini na alanini, vitu ambavyo miili yetu inavitumia kujenga protini. Hakuna kiumbe kilichohusika. Ni gesi, maji, moto na umeme, basi.

Ripoti yake ilitoka katika jarida la Science tarehe 15 Mei 1953, wiki tatu tu baada ya Watson na Crick kutangaza umbo la DNA. Urey aliondoa jina lake kwenye ripoti ili sifa isimwendee yeye mwenye Nobel. Kwa mtu anayefanya kazi katika vyumba vya habari, ambako wakubwa hudandia hata habari ya mvua, mimi hapo huwa nasimama kidogo.

Miller alifariki Mei 2007. Maboksi yake yakabaki kwa Jeffrey Bada, aliyewahi kuwa mwanafunzi wake, na ndani yake kulikuwa na vichupa vya masalia makavu ya majaribio ya miaka ile ya 1953 na 1954, vikiwa na lebo. Miller hakuwa na vifaa vya kuona kila kilichokuwamo. Bada na wenzake walikuwa navyo. Mwaka 2008 walitangaza kwamba katika jaribio moja, lile ambalo mvuke ulipulizwa kwa nguvu kama unatoka kwenye volkano, kulikuwa na asidi amino 22. Zilikaa kwenye boksi zaidi ya nusu karne zikingoja mtu wa kuzihesabu.

Wenzetu wanapenda kuziita "matofali" ya uhai. Mimi tofali silitaki. Tofali linabaki tofali hata ukuta ukisimama. Napendelea viungo: viungo vya pilau na viungo vya mwili, neno moja. Kinachoingia chunguni na kinachotembea.

Tatizo ni chungu. Mwaka 1929 Mwingereza J.B.S. Haldane aliifananisha bahari ya kale na supu ya moto, nyepesi, na tangu hapo dunia nzima inasema supu. Sasa kwetu supu ni ya asubuhi, na chapati mbili, ndimu na pilipili, na ukiletewa supu nyepesi unajua kabisa muuzaji ameongeza maji. Wanakemia nao waliishia kulalamika hivyohivyo. Bahari ni kubwa mno. Mwaga humo viungo vyote vya Miller na havitakutana. Kila kimoja kitaelea kivyake. Tena wengi siku hizi wanaona hewa ya mwanzo ilikuwa zaidi naitrojeni na hewa ukaa kuliko methani na amonia, na kwa mchanganyiko huo cheche zinaambulia kidogo sana.

Upungufu huo una njia nyingine ya kuzibwa, nayo ni mawe. Septemba 1969 kimondo kiliangukia Murchison, Australia, na ndani yake watafiti wakakuta asidi amino za aina nyingi, baadhi zisizotumiwa na kiumbe chochote duniani. Mchanga niliouandikia habari unatoka katika ukoo huo, ila huu haukuanguka wenyewe. Chombo cha NASA kiliufuata kwenye asteroidi Bennu na kuushusha katika jangwa la Utah Septemba 2023. Gramu 121.6, ndogo kuliko sabuni ya kuogea. Ndani yake: asidi amino 14 kati ya 20 ambazo uhai wa duniani unazitumia, amonia kwa wingi, na herufi zote tano ambazo DNA na RNA zinaandikiwa.

Hapa kuna kituko ambacho sikupata nafasi ya kukiandika gazetini. Asidi amino nyingi huja katika maumbo mawili, kama mikono: ya kulia na ya kushoto. Kwenye Bennu, kama kwenye chupa ya Miller, zimegawanyika karibu nusu kwa nusu. Lakini viumbe, kuanzia mchicha hadi mwenyekiti wa mtaa, hujenga protini zao kwa zile za kushoto. Nimelelewa na bibi aliyekuwa anakupiga kibao ukipokea chakula kwa mkono wa kushoto. Kumbe kila protini mwilini mwake ilikuwa ya mkono huo.

Kilichonishika zaidi, hata hivyo, kilikuwa katika orodha ya madini. Watafiti walikuta humo chumvi za aina kumi na moja zinazobaki maji yanapokauka polepole, na mojawapo, trona, haikuwa imewahi kuonekana katika jiwe lolote la kutoka angani. Trona. Nikaitafuta maana yake huku dakika za kufunga ukurasa zikinikimbia. Ni kaboneti na bikaboneti ya sodiamu, iliyogandamana na maji. Yaani magadi. Yaleyale yanayouzwa kwa mafungu Soko la Majengo, ambayo mama anayaloweka, anayachuja, kisha anamimina maji yake kwenye mlenda ili ulainike na kuvutika. Nikacheka peke yangu. Habari ilisomeka "madini ya sodiamu". Neno magadi nililiweka katika zile aya mbili zilizokatwa.

Na magadi yana kesi yake katika jambo hili hata bila Bennu. DNA haiwezi kusimama bila fosforasi, na fosforasi ni adimu majini kwa sababu kalsiamu huidaka na kuifungia ndani ya mawe. Mwaka 2019 Jonathan Toner na David Catling wa Chuo Kikuu cha Washington walionyesha kwamba katika maziwa ya magadi mambo hugeuka: kaboneti inaiwahi kalsiamu kwanza, fosforasi inabaki huru, na jua linapokausha ziwa, fosforasi inazidi kurundikana hadi kupita ile ya baharini kwa maelfu ya mara. Kati ya maziwa waliyoyatolea mfano ni Magadi, la Kenya. Ng'ambo kidogo ya mpaka ni Natron letu, chini ya Ol Doinyo Lengai, mlima unaotapika lava yenye magadi ndani yake, na ambako heroe wengi wa Afrika Mashariki huzaliwa.

Nisieleweke vibaya, maana najua utalii wetu unavyopenda sifa. Hakuna anayesema uhai ulianzia Natron. Dalili za zamani zinazokubalika na wengi zina miaka bilioni 3.5, na Bonde la Ufa ni mtoto mdogo mbele ya umri huo. Kinachosemwa ni kwamba ziwa la aina hiyo, dogo, chungu, linalojaa na kukauka, ni chungu kizuri zaidi kuliko bahari. Supu inapungua maji. Viungo vinakutana. Wapo wanaotetea chemchemi za moto za chini ya bahari, na hoja zao nzito. Mimi nimeegemea upande wa maziwa, na sifichi kwamba sehemu ya sababu ni mlenda.

Jioni ya Jumamosi kabla ya Pasaka nilikuwa jikoni kwa mama. Kulikuwa na sufuria mbili. Yangu na ya wajukuu ilikuwa na magadi. Yake haina, kwa sababu kliniki wamemkataza magadi na chumvi nyingi tangu presha ilipompeleka wodini mwaka uliopita. Nikachukua kipande kutoka kwenye kopo lake.

"Mama, hiki wamekikuta kule."

"Kule wapi?"

"Juu. Kwenye jiwe la angani."

Akakipokea, akakigeuza. "Magadi?"

"Magadi."

"Nani aliyapeleka?"

Nikamweleza kwamba Bennu ni kipande cha kitu kikubwa kilichovunjika zamani sana, na kwamba ndani ya kitu hicho kulikuwa na maji ya chumvi yaliyokauka taratibu. Nikamweleza Miller na chupa zake. Nikamsimulia pia kile kinachosimuliwa kuhusu Urey: kwamba alipoulizwa kama kweli mambo yalikwenda hivyo, alijibu kuwa kama Mungu hakuifuata njia hiyo, basi aliiacha nafasi nzuri impite. Nilisita kabla ya kusema hilo. Mama alicheka mpaka akashika meza.

"Huyo mzee alikuwa na adabu," akasema. "Alijua kuna wa kuulizwa."

Sikubisha. Wala yeye hakuniuliza kama kesho yake nitakwenda naye ibadani. Akafunika sufuria yake, akakaa kwenye kigoda, na nikaona kwamba bado analichambua.

"Kwa hiyo viungo vyote vilikuwepo. Maji yalikuwepo. Magadi yalikuwepo."

"Ndiyo, mama."

"Sasa kwa nini hakikuiva?"

Nikamwambia hilo ndilo wanaloulizana wenyewe. Kwenye mchanga ule kuna herufi lakini hakuna hata neno moja lililoandikwa. Huenda maji yaliganda au kukauka mapema mno. Huenda kile kitu kilikuwa kidogo, joto lake likaisha kabla viungo havijapata muda wa kushikana.

"Moto ulizimika," mama akasema.

Akanyanyuka, akanikabidhi mwiko nisonge ugali, akaenda chumbani kutafuta vidonge vyake vya jioni.