Teso: Jani la Muhogo Darasani

Mtu atokaye Kampala kwenda Soroti huvuka Mto Nile pale Jinja, kwenye daraja jipya lililofunguliwa mwaka 2018, akaupita mji wa Mbale ulio chini ya Mlima Elgon, ndipo akaingia katika nchi tambarare ya Teso. Huko majabali makubwa yamesimama pweke katikati ya mashamba, na kinamasi cha Awoja kimetanda kando ya barabara. Mimi nilitumwa huko kwa kazi ya ofisi; lakini mtu mwenye cheti cha ualimu hapiti penye shule asichungulie.

Chakula cha nyumba nyingi za Teso ni atapa, ugali wa mtama au wimbi uliochanganywa na unga wa muhogo. Muhogo ukiugua, nyumba nzima imeugua. Wazee hawajasahau miaka ya 1990, ugonjwa wa batobato ulipoangamiza mashamba hata pingili za kupanda zikawa adimu.

Katika shule moja ya sekondari nilikuta somo la Kilimo likifundishwa nje, bustanini. Wanafunzi zaidi ya arobaini walikuwa wameizunguka simu moja tu, mali ya shule. Ndani yake mlikuwa na programu iitwayo Nuru, iliyotengenezwa na Chuo Kikuu cha Penn State cha Marekani pamoja na wataalamu wa taasisi ya utafiti wa kilimo ya IITA. Msingi wake ni maelfu ya picha za majani ya muhogo zilizopigwa mashambani, zikiwamo za Tanzania. Mwanafunzi huielekeza simu kwenye jani, nayo humjibu kama jani ni zima au gonjwa, kisha humpa ushauri. Ikishawekwa simuni, hufanya kazi hata pasipo intaneti. Mwalimu alikuwa ameiweka katika Kiswahili, ili vijana wapate faida mbili kwa mkupuo mmoja. Binti mmoja wa askari, aliyekulia kambini, ndiye aliyekuwa akiwasomea wenzake na kuwafasiria kwa Kiteso.

Nilikumbuka darasa langu la zamani. Nilichora jani la batobato ubaoni kwa chaki nyeupe, na mtoto mmoja akaniuliza, “Mwalimu, ugonjwa huu una rangi gani?” Nilimjibu kwa maneno, sidhani kama aliuona.

Siku hiyo binti yule alikuwa ameleta majani kutoka shamba la mama yake. Nuru ikajibu: batobato. Akapima jani la pili, la tatu na la nne, maana jani moja halitoshi kuwa ushahidi, jibu halikubadilika. Uso wake ukanywea. Mama yake alikuwa amewaahidi pingili wake watatu wa askari waliohamishiwa huko hivi karibuni.

Jioni mwalimu alinichukua tukaenda naye. Mama alitupokea kwa heshima, lakini aliposikia habari ya kung'oa alisema, “Mwalimu, simu haijawahi kulima. Shamba hili limewalisha watoto wangu miaka mitano.”

Mwalimu hakubishana naye. Alimwonyesha majani yaliyojikunja, yenye mabaka ya njano, na nzi weupe wadogo waliokuwa chini yake, ambao huvihamisha virusi kutoka shina hadi shina. Kisha akaomba jembe, akachimba shina lililokuwa na majani mazuri, ambalo simu ililiita zima. Mzizi ulipokatwa, ndani ulikuwa na madoa makavu ya kahawia.

“Huu ni michirizi kahawia,” alisema. “Huu mara nyingine hujificha, na hapa simu imekosea. Ndiyo maana nawaambia wanafunzi: simu ipime, jicho litazame, kisu kikate.”

Mama alinyamaza kitambo kirefu. Halafu akamwambia binti yake, “Nenda kawaambie majirani wasije kuchukua pingili. Sema nimekataza mimi mwenyewe.”

Asubuhi yake mashina magonjwa yalikuwa yameng'olewa na kurundikwa tayari kuchomwa. Mwalimu aliahidi kumwombea bwana shamba pingili safi za NASE 14, aina ya muhogo inayostahimili batobato.

Nayaandika haya kwa sababu sisi watumishi wa serikali, na askari kuliko wote, ni watu wa uhamisho. Mama anapofunga mizigo hufunga na pingili za muhogo wake alioupenda, akaenda kuzipanda kambi nyingine. Ugonjwa hauna miguu, lakini sisi tunao magari. Virusi hivi havina dawa ya kunyunyiza. Kinga yake ni pingili safi na ukweli baina ya majirani. Basi kabla ya kufunga mzigo, tazama jani, kata mzizi, muulize bwana shamba. Na kama nyumbani yupo mtoto asomaye Kilimo, mwite shambani umsikilize.