Seva Iliyonyamaza Singida

Treni ya umeme ya asubuhi iliondoka Dar es Salaam imejaa pomoni. Hatujafika hata Pugu, Mzee, fundi niliyekuwa mwanafunzi wake, alikwishafungua begi kukagua vifaa: kompyuta mpakato, bisibisi, diski ya akiba, na kebo ya kijivu yenye plagi ya USB upande mmoja na kichwa cha matundu tisa upande wa pili. Akaiinua ile kebo. "Kijana, hii ndiyo inayokwenda Singida," akaniambia. "Vingine vyote vinaisindikiza."

Ilikuwa mara yangu ya kwanza kutumwa mkoani kutengeneza seva. Taarifa tuliyopewa na chuo kimoja cha huko ilikuwa fupi. Mfumo wa Linux umesasishwa. Mashine inawaka, inaonyesha nembo ya mtengenezaji, inafika kwenye kipakiaji cha mfumo wa uendeshaji, kisha mstari mmoja wa maandishi unaganda kwenye skrini. Kwa mtandao haipatikani. Matokeo ya wanafunzi na hesabu za ada zote zilikuwa humo ndani, na muhula ulikuwa unakaribia kufunga.

Tulipoiacha Morogoro Mzee alianza kunihoji, kama ilivyo desturi yake akiwa na mwanafunzi. "Kerneli ikiamka, maneno yake ya kwanza inayapeleka wapi?"

"Kwenye skrini, Mzee."

"Skrini ipi? Saa hiyo bado haijaitambua skrini yoyote."

Akanieleza polepole, huku treni ikiingia na kutoka kwenye mahandaki ya Kilosa. Ndani ya kerneli, kiini cha Linux, kuna funksheni moja ya kusemea, nayo ni printk. Draiva ya diski ikiwa na neno, au ya mtandao, au sehemu inayogawa kumbukumbu, neno hilo hupitia hapo. Printk huliandika kwanza kwenye bafa iliyomo kwenye kumbukumbu ya mashine, pamoja na saa yake na daraja la uzito wake. Daraja 0 ni la mfumo uliokwisha kuharibika. Daraja 7 ni maelezo ya mafundi wanaotafuta hitilafu. Bafa hiyo ni ya mviringo: ikijaa, neno jipya hufuta lililo la zamani kuliko yote. Ukubwa wake wa kawaida katika usanidi wa kerneli ni KB 128.

Kuyatoa maneno nje ya bafa ni kazi ya draiva za konsoli. Konsoli, kwa macho ya kerneli, ni kitu chepesi mno: jina, namba, alama chache, na funksheni ya kuandika. Draiva inapokuwa tayari hujisajili, na kwa kawaida huomba isomewe yote yaliyosemwa kabla haijafika. Ndiyo maana konsoli iliyochelewa bado huonyesha habari tangu mstari wa kwanza. Zaidi ya moja zikisajiliwa, kila moja hupewa maneno yale yale. Na isiposajiliwa hata moja, kerneli huendelea kuandika kwenye bafa ambayo hakuna mtu anayeweza kuisoma.

"Kwa hiyo ile seva huenda inaongea," nikasema.

"Inaongea, mwanangu. Sisi ndio hatujafika pale inapoongelea."

Dodoma tulishuka tukapanda basi. Baada ya mashamba ya mpunga ya Bahi barabara hupanda ukingo wa Bonde la Ufa kuelekea Manyoni, na huko juu miamba ya mawe makubwa huanza kuchomoza kati ya mashamba ya alizeti. Njiani Mzee alinisimulia jinsi Linux yenyewe ilivyoanzia kwenye jambo hili. Mwaka 1991 Linus Torvalds, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, alikuwa akiandika programu ya kuunganisha kompyuta yake na kompyuta za chuo kwa simu. Alihitaji michakato miwili: mmoja usome kibodi na kupeleka herufi kwenye modemu, mwingine usome modemu na kupeleka herufi kwenye skrini. Jaribio lake la mwanzo lilikuwa kuona michakato miwili ikipokezana, mmoja ukiandika herufi A na mwingine herufi B. Mfumo unaoendesha sehemu kubwa ya seva za dunia leo ulianza kwa kujifunza kusoma kibodi na kuandika herufi kwenye skrini.

Tuliingia Singida jioni. Asubuhi tulipokelewa chuoni na mwalimu wa TEHAMA, binti aliyekuwa hajalala vizuri tangu seva inyamaze. Alimwamkia Mzee shikamoo, akatupeleka moja kwa moja kwenye chumba cha mashine. Skrini ilikuwa vile vile tulivyoambiwa: maandishi ya mwisho ya kipakiaji, kimya.

"Tuanze kwa kubadili diski?" Mwalimu aliuliza.

"Tuisikilize kwanza," Mzee akajibu.

Nyuma ya seva palikuwa na tundu la pini tisa lililojaa vumbi, poti ya seriali. Nikachomeka kebo ya kijivu, upande wa pili kwenye kompyuta mpakato, nikafungua programu ya minicom na kuweka kasi ya biti 115,200 kwa sekunde. Mzee akawasha seva, akasimamisha kipakiaji, akafungua mstari wa kuanzishia kerneli ili auhariri. Akafuta neno "quiet", ambalo huizuia kerneli isipeleke kwenye konsoli maneno yasiyo ya makosa. Mwisho wa mstari akaongeza: console=tty0 console=ttyS0,115200. Kisha akaruhusu mashine iendelee.

Skrini ya seva haikubadilika. Kwenye kompyuta mpakato maandishi yakaanza kumiminika. Mwalimu alipiga kofi moja kubwa la furaha.

Mzee alinituma nisome kwa sauti. Toleo la kerneli. Ramani ya kumbukumbu. Kisha mstari aliotaka niutilie maanani: "Console: colour dummy device 80x25". Hiyo ni konsoli bandia ya safu wima 80 na mistari 25. Kerneli huishikilia wakati haijapata draiva ya skrini, na herufi zinazopelekwa huko hazionekani popote. Kompyuta za zamani za PC zilikuwa na sehemu maalumu ya kumbukumbu kwa maandishi, kuanzia anwani 0xB8000, baiti mbili kwa kila herufi, moja ya umbo na moja ya rangi; kerneli iliweza kuandika humo tangu mwanzo. Seva hii ilikuwa ya mtindo mpya wa UEFI. Kipakiaji kilikuwa kinaandika kwa msaada wa programu ya ndani ya mashine, na kerneli ilipoanza, msaada huo ulikoma. Kuanzia hapo skrini inahitaji draiva ya kuchora kila herufi nukta kwa nukta.

Mistari ikaendelea hadi wa mwisho: "VFS: Unable to mount root fs on unknown-block(0,0)". Kerneli haikuiona diski yenye mfumo wa mafaili, ikakata tamaa na kusimama.

Sababu moja ilieleza mambo yote mawili. Katika kerneli ya chuo hiki, draiva ya skrini na draiva ya diski zote zilikuwa moduli zilizo nje ya kerneli, zikihifadhiwa katika kifurushi cha kuanzia kinachoitwa initramfs. Siku ya kusasisha, sehemu ya /boot ilijaa. Kerneli mpya ikanakiliwa, kifurushi chake kikashindikana kuundwa. Mashine ikaamka bila skrini na bila diski. Draiva ya seriali ilikuwa imejengwa ndani ya kerneli yenyewe, na hiyo ndiyo iliyobaki na uwezo wa kusema.

Nilimwomba Mzee anionyeshe jinsi draiva hiyo inavyofanya kazi, akafungua msimbo wake tukiwa tumekaa sakafuni. Chipu ya poti, ya ukoo wa 16550, kwenye PC husikiliza kwenye anwani 0x3F8. Funksheni ya kuandika husoma rejista ya hali ya chipu, husubiri biti inayosema nafasi ipo, hutia baiti moja, hurudia. Haiombi kumbukumbu, haimtegemei mpangaji wa michakato, haihitaji faili lolote. Kila herufi ni biti kumi njiani: ya kuanzia, nane za herufi, ya kumalizia. Kwa kasi tuliyotumia, hizo ni herufi 11,520 kwa sekunde.

Wepesi huo una gharama. Kwa kasi ya 9,600, mstari wa herufi 80 huchukua milisekunde 83 hivi, na kichakataji kinachosubiri chipu hakifanyi lingine. Kwa mashine inayoongoza mitambo, muda huo ni mrefu kupita kiasi. Kazi ya kuifanya Linux itimize ahadi za muda halisi ilidumu takriban miaka ishirini, na printk pamoja na konsoli zake vilikuwa kikwazo kikubwa cha mwisho. Ilikamilika kuingia katika kerneli rasmi Septemba 2024, kuelekea toleo 6.12. Katika mpango mpya, konsoli iliyoandikwa upya hupewa uzi wake wa kuandikia, ili wengine wasisubiri. Mfumo ukianguka, sheria hugeuka: kichakataji kilicho hai huruhusiwa kuichukua konsoli na kuandika hapo hapo. Nilivutiwa na hekima ya mpango huu. Maneno ya kila siku hayaruhusiwi kuchelewesha kazi, na maneno ya mwisho hayaruhusiwi kusubiri.

Matengenezo yenyewe hayakuchukua muda. Tuliwasha seva kwa kerneli ya zamani iliyokuwa bado kwenye menyu, tukaondoa kerneli ambazo hazitumiki tena, tukaunda kifurushi upya. Mzee alimwachia Mwalimu kiti. Ni yeye aliyewasha kerneli mpya, mstari wa kuanzishia ukiwa umehaririwa vile vile, na kusoma mistari ya seriali mmoja mmoja, mpaka ule uliosema "switching to colour frame buffer device 128x48". Hapo skrini ya seva nayo ikajaa maandishi, kwa kuwa konsoli halisi ilikuwa imechukua nafasi ya ile bandia. Diski ikapachikwa, huduma zikaanza, na ofisi ya uhasibu ikapiga simu kuuliza kama wanaweza kuingia.

Kabla ya kuondoka tuliandika kwenye usanidi wa kudumu: console=tty0 console=ttyS0,115200. Maneno yaende kote kuwili, na ile iliyotajwa mwisho iwe ndiyo konsoli kuu. Tukaruhusu pia kuingia kwa nywila kupitia seriali, tukamwachia Mwalimu ile kebo. Mzee hakukubali kulipwa kwa ajili yake.

Nimekwenda mikoa mingine tangu hapo, nami nimeshika utaratibu wa Singida. Kila seva inayowekwa mbali na mafundi wake iwekewe konsoli ya seriali, iwe na kebo yake chumbani, na ijaribiwe siku ambayo mashine ni nzima. Waandishi wa kerneli wamejitahidi miaka mingi ili mashine iweze kutaja ugonjwa wake hata inapokufa. Kilichobaki kwetu ni kuchomeka kebo mapema.