Hesabu ya Miezi ya Mwomba Uraia

Ndugu msomaji, chukua kalamu na karatasi. Leo hatuhesabu mifuko ya mbolea wala mistari ya miche. Tunahesabu miezi. Hesabu hii imemsumbua mtu mmoja ninayemfahamu vizuri, naye si mjinga.

Mimi ni Bibi Shamba. Wakulima wangu wako Ruaha Mbuyuni, njia ya Iringa. Zao lao kubwa ni vitunguu. Kila msimu malori hubeba magunia kwenda Dar es Salaam, na mara nyingine nami huenda. Dalali wa Kariakoo akikutajia bei kwa simu, ni vema uifuate ukaione kwa macho.

Huko ndiko nilikomjua mnunuzi wetu mmoja. Ni Mngazija, amezaliwa Ngazija katika visiwa vya Komoro. Alikuja Dar es Salaam akiwa kijana. Mtaani kwao Kariakoo wote humwita Mjomba. Ameoa Mtanzania, na watoto wake wanne wamezaliwa hapa. Kiswahili chake ni kizuri kuliko changu mimi Mhehe.

Kazi yake ni hii. Hununua vitunguu, huvipakia bandarini, kisha huvifuata Moroni. Komoro hununua chakula kingi kutoka kwetu. Kitunguu kilichokauka shingo huvumilia bahari. Kile kilichong'olewa kibichi kwa haraka ya pesa huoza njiani na kuozesha wenzake. (Wakulima wangu, mnanisikia?) Akifika Moroni huuza kidogo kidogo, hudai madeni, hurudi. Safari moja huchukua kama miezi miwili.

Machi 2024 Mjomba alitaka kuomba uraia wa Tanzania. Alisema, "Nimekaa miaka zaidi ya ishirini. Nani atanikatalia?" Watu wengi husema hivyo. Sheria haiulizi ulifika lini tu. Inauliza pia ulikuwa wapi katika miaka ya karibuni.

Sheria yenyewe ni Sheria ya Uraia wa Tanzania ya mwaka 1995. Inataka mgeni anayeomba awe na mwenendo mwema. Awe anajua Kiswahili au Kiingereza. Awe ametoa mchango katika maendeleo ya nchi, na awe anakusudia kuendelea kuishi hapa. Hayo Mjomba anayo. Lakini kuna masharti mawili ya muda, na hapo ndipo penye kazi.

Sharti la kwanza: mwombaji awe ameishi nchini miezi 12 yote inayotangulia siku ya kuomba. Sharti la pili: katika miaka 10 iliyo nyuma ya miezi hiyo 12, awe ameishi nchini jumla ya miaka isiyopungua 7. Hiyo miaka 7 si lazima ifuatane. Inajumlishwa vipande vipande, kama mkulima anayejumlisha debe kwa debe mpaka gunia lijae.

Sasa andika. Miaka 10 ni miezi 120. Miaka 7 ni miezi 84. Ukitoa 84 katika 120 hubaki 36. Basi katika miaka ile 10, mwombaji anaweza kuwa nje miezi 36 na si zaidi.

Tulikaa sebuleni kwake, mkewe akaleta kopo la biskuti lenye pasipoti zote, mpya na zilizokwisha muda. Huyu mama ana akili. Watu wengi hutupa pasipoti ya zamani, kumbe mihuri iliyomo ndiyo shahidi wao. Tulisoma mihuri mmoja mmoja. Kama angeomba Machi 2024, miaka 10 ya kuhesabu ingeanza Machi 2013 na kuishia Machi 2023.

Mei 2013 Mjomba alikwenda kumwuguza mama yake. Alirudi Septemba 2014. Hiyo ni miezi 16. Machi 2020 alikwenda na vitunguu, mipaka ikafungwa kwa sababu ya korona, akanaswa huko mpaka Novemba. Miezi 8. Tena safari za kawaida za miezi miwili: mwaka 2015, 2016, 2017, 2018, 2019, 2021 na 2022. Safari saba, miezi 14.

Jumlisha 16, 8 na 14. Ni miezi 38.

Alizidisha miezi miwili. Mjomba alinyamaza muda mrefu. Kisha mkewe akaonyesha muhuri mwingine. Mwishoni mwa Novemba 2023 alikwenda maziko ya mama yake, akarudi katikati ya Desemba. Safari hiyo ilikuwa ndani ya ile miezi 12 ya mwisho. Mtu anaweza kubisha kwamba wiki tatu za maziko haziondoi makazi ya mtu. Mimi nasema, ombi lako usilipeleke likiwa na jambo la kubishaniwa.

Watu wengine wangekata tamaa hapo, na wengine wangetafuta mtu wa kuwafutia muhuri. Dawa ilikuwa kungoja, na kungoja kwenyewe kuna hesabu. Siku ya kuomba ikisogea mbele, mwanzo wa miaka 10 nao husogea. Miezi ya zamani hudondoka nyuma. Tulijaribu Januari 2025. Miezi 12 ingekuwa mwaka 2024 mzima, naye asitoke. Miaka 10 ingeanza Januari 2014. Katika ile miezi 16 ya kumwuguza mama ingebaki 8. Ongeza 8 ya korona, 14 ya safari, na wiki tatu za maziko tuziite mwezi mmoja. Jumla ni 31. Imo ndani ya 36, na imebaki nafasi ya miezi mitano.

Karatasini ni rahisi. Lakini mwaka 2024 mdogo wake alifanya arusi kubwa ya ada huko Ngazija. Asiyejua mila za Wangazija ataona ni arusi tu. Kwao ndiyo humpa mwanamume heshima ya mji, na watu huweka akiba miaka mingi kwa ajili yake. Kaka mkubwa kukosekana ni aibu. Nilimwuliza, "Mjomba, huendi?" Alijibu, "Bibi Shamba, siendi. Nimetuma fedha na kanzu." Vitunguu vya mwaka ule alivipeleka kwa mkono wa mtu mwingine, na nusu ya madeni ya Moroni haikurudi.

Wapo waliomwambia kwamba kuoa Mtanzania kunatosha. Si kweli. Mwanamke mgeni aliyeolewa na Mtanzania anaweza kuomba wakati wowote mumewe akiwa hai. Mwanamume mgeni aliyeoa Mtanzania hana njia hiyo. Sioni kwa nini mke wa Mjomba awe na haki ndogo kuliko kaka yake, lakini ndivyo sheria ilivyoandikwa.

Na wewe mwenye mtoto Uingereza, mwulize kama anahesabu. Huko, kwa njia ya kawaida ya miaka mitano, kikomo cha kuwa nje ni siku 450, na siku 90 katika mwaka wa mwisho. Akikaa kijijini mwaka mzima kwa msiba na mashamba, amekwisha kula sehemu kubwa ya hizo 450. Akumbuke pia kwamba mtu mzima akichukua uraia wa nchi nyingine kwa hiari yake, wa Tanzania anaupoteza.

Mjomba alipeleka maombi Januari 2025. Nia yake ilitangazwa gazetini, ili mwenye sababu ya kumpinga aandike. Mwenye kuamua ni Waziri, na uamuzi wake haukatiwi rufani mahakamani. Kisha Julai 2025 serikali ilitoa amri ya kuwazuia wasio raia kufanya aina 15 za biashara. Kununua mazao shambani imo. Kazi ya uwakala wa forodha bandarini imo. Biashara ya jumla na rejareja imo. Wenye leseni waliruhusiwa kuendelea mpaka leseni ziishe. Wakulima wangu wengine walifurahi, kwa sababu wanunuzi wageni walikuwa wakiwalalia bei. Mimi naiona haki yao. Lakini Mjomba hulipa siku ile ile, na mizani yake haijawahi kupungua.

Leseni yake ilikuwa na tarehe ya mwisho. Jalada lake halikuwa na tarehe. Nilipopita Kariakoo mara ya mwisho, alinionyesha daftari la shule lenye mistari. Kila siku anayolala nchini huweka alama, kama ninavyowafundisha wakulima kuandika siku za mvua. Alikuwa ameanza daftari la pili.