Goti la Nyanya

Nyanya yangu amelima viazi Molo tangu kabla sijajua kutembea, na miinuko ile pamoja na magunia imemlia magoti. Ugonjwa wake tunauita baridi yabisi. Yabisi ni ukavu kwa Kiarabu, na jina zima limehifadhi utabibu wa kale uliogawa maradhi kwa baridi na joto, ukavu na umajimaji. Ndiyo maana Nyanya huishtaki baridi ya Molo, ilhali kinacholika ni gegedu inayozuia mifupa kusuguana.

Siku moja alirejea kutoka mjini Nakuru na chupa mbili za vidonge vya glukosamini na kondroitini.

"Nisomee, mjukuu wangu."

Maandishi yalikuwa ya Kiingereza. Nikafasiri: "Husaidia viungo." Mwezi uliofuata akauza kondoo, akanunua chupa tatu zaidi.

Nilipoisoma chupa tena, niliona haya. Haikuandikwa kwamba vidonge husaidia. Iliandikwa kwamba huenda vikasaidia. Mimi, mwanafunzi wa uzamili, nilikuwa nimelidondosha neno lililobeba ukweli wote. Hu- ya mazoea hutangaza jambo lililozoeleka. "Huenda" humkinga muuzaji asishtakiwe.

Nikaanza kusaka. Glukosamini aghalabu hutokana na magamba ya kamba na kaa (Nyanya, ambaye hata samaki humtilia shaka, sijamwambia hilo). Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2006, wenye wagonjwa 1,583, ulionyesha kwamba kwa jumla vidonge hivi havikuvishinda vidonge bandia kwa kiasi cha maana. Mwaka 2008, picha za eksirei za baadhi ya wagonjwa hao, zilizofuatiliwa kwa miaka 2, hazikuthibitisha kwamba vilichelewesha kulika kwa gegedu. Lakini katika ule wa kwanza, takriban 60 kati ya kila 100 waliomeza vidonge bandia walipata nafuu!

Nilikiri kosa langu. Nyanya akanyamaza kidogo, kisha akauliza: "Basi kondoo wangu aliuzwa na neno lao au lako?"

Sikuwa na jibu. Nilipomweleza habari za utafiti alisema yeye anaona nafuu, na ile 60 ikanifunga mdomo. Nilimsihi tu asiuze kondoo wa pili, nikampeleka kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Sasa kila jioni huketi kando ya jiko, akaunyoosha mguu na kuuinua ili misuli ya paja ipate nguvu ya kulibeba goti, huku akinung'unika kwamba hiyo si dawa. Chupa moja ingali rafuni, haijafunguliwa.