Niliandika "Hapana"

Mwandiko kwenye fomu ile ulikuwa wangu. Sahihi ilikuwa ya mjomba, kwa kuwa nilimwonyesha pa kutia naye akatia bila kuuliza, kama wazee wanavyowaamini vijana waliosoma. Hilo linaniuma kuliko uongo wenyewe.

Mjomba ni fundi wa kuchomelea huko Katwe, hapa Kampala. Mageti, madirisha, vitanda vya bweni, mashine za kukoboa mahindi, vyote vimepita mikononi mwake. Alitoka Bukoba akiwa kijana, na tangu hapo harudi kwao ila kwa misiba. Mgongo ulipoanza kumsumbua, maumivu yakawa yanashuka mpaka mguuni na vidole vinakufa ganzi, daktari akaandika afanyiwe MRI ya mgongo wa chini. Mambo yote niliyabeba mimi: kutafuta hela, kupanga siku, kumpeleka. Hela zenyewe nilizikopa kwenye kikundi chetu cha kuweka na kukopa, na riba ilikwisha anza kuhesabika.

Pale mapokezi nikapewa karatasi ya maswali, yote ya Kiingereza. (Kiswahili kimo ndani ya katiba ya Uganda kama lugha rasmi ya pili tangu 2005, ila habari hizo hazijafika mapokezi.) Mgonjwa ana kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo? Amewahi kupasuliwa kichwa na kuwekewa vibanio kwenye mishipa ya ubongo? Ana risasi au vipande vya bomu mwilini? Amewahi kuingiwa na chembe ya chuma jichoni?

Hapo penye jicho kalamu ilisita. Jibu nilikuwa nalijua. Utotoni likizo zangu zilikwisha kwenye karakana ile, na mojawapo ya kazi zangu ilikuwa kumtoa mjomba vumbi la grenda machoni. Alikuwa akikaa juu ya kreti la soda, anaelekeza uso kwenye jua, anavuta kope ya juu kwa kidole chenye masizi, nami napitisha ncha ya leso yenye maji mpaka kile kidoa cheusi kinase. Vingine vilitoka. Vingine tulisema vimetoka kwa sababu maumivu yalitulia. Miwani ya kukingia macho ilikuwepo, imening'inia msumarini siku zote, mpya kabisa.

Nikaandika hapana. Niliona nikiandika ndiyo tutarudishwa nyumbani, tutafute tarehe nyingine na nauli nyingine, na mzee apoteze siku nyingine ya kazi. Nikajiambia pia kwamba vumbi la zamani zile halina undugu na mgongo.

Aliyetuokoa ni mtaalamu wa picha, binti ambaye angeweza kuwa mdogo wangu. Karatasi yangu haikumtosha. Alimwendea mzee, akapiga goti kidogo kumwamkia kwa Kiganda, akamshika mikono, akatazama makovu ya cheche yaliyopanda hadi kwenye viwiko. "Ssebo, unafanya kazi gani?" Mjomba akaeleza kwa fahari. "Na machoni, chuma hakijawahi kuingia?" Mzee akacheka. "Mara nyingi mno. Huyu ndiye aliyekuwa akinitoa." Akaninyooshea kidole.

Binti aliitazama fomu, akanitazama mimi, asiseme neno. Kisha akamwandikia eksirei ya macho.

Kwenye picha ile, ndani ya tundu la jicho la kushoto, palikuwa na nukta nyeupe isiyozidi punje ya chumvi. Chuma huizuia miale ya eksirei isipite, ndiyo maana huonekana cheupe hata kikiwa kidogo namna ile. MRI ikafutwa papo hapo.

Nilichokuwa sikijui ni hiki. MRI ni sumaku, na sumaku yenyewe haizimwi mgonjwa akitoka. Inakaa imewaka usiku na mchana. Mashine ya kawaida ya tesla 1.5 ina nguvu mara 30,000 hivi kuliko sumaku ya dunia inayogeuza dira. Mwaka 2001, katika jimbo la New York, Marekani, mtungi wa oksijeni wa chuma uliingizwa kwenye chumba cha mashine ya namna hiyo, ukavutwa, ukamuua mtoto wa miaka 6 aliyekuwa amelala ndani. Mwaka 1986 madaktari wa huko huko Marekani waliandika habari za mtu aliyekuwa na kipande cha chuma jichoni bila kujua. Baada ya kipimo, jicho lile likapofuka. Chembe inaweza kukaa miaka bila kuuma, lakini sumaku ikiivuta inasogea, na mahali pa kusogea ni ndani ya jicho.

Na mimi muda wote nilikuwa naogopa kitu kingine. Kabla ya hapo, mjomba alipokohoa muda mrefu, nilimkataza eksirei ya kifua kwa kuogopa mionzi. Eksirei ya kifua ni milisiverti 0.1 au pungufu, na kila binadamu hupokea wastani wa 2.4 kwa mwaka kutoka ardhini, angani na kwenye chakula. Nilimnyima kipimo chenye mionzi ya siku chache tu, halafu nikamsukuma kwenye mashine isiyo na mionzi kabisa lakini ingeweza kumtoa jicho. Mashine za mionzi hapa Uganda zina Baraza la Nishati ya Atomiki la kuzitolea leseni, kwa sheria ya 2008. Kwenye sumaku, kinga ya mgonjwa huanzia kwenye ile karatasi ya maswali, na karatasi niliijaza mimi.

Daktari alibadilisha, mzee akafanyiwa CT. Hiyo nayo ni eksirei, ila inazunguka na kupiga picha nyingi, na kwa mgongo hufika milisiverti 8 hivi, zaidi ya miaka mitatu ya ile mionzi ya kawaida. Kwa mtu wa umri wake mwenye mguu unaokufa ganzi, daktari alisema faida inazidi hasara. Mifupa ilionekana vizuri; mishipa ya fahamu haikuonekana kama ambavyo MRI ingeionyesha, lakini ilitosha kujua kwamba pingili zimebana na pa kuanzia ni mazoezi na dawa.

Mjomba aliamini mashine kubwa iliharibika. Nilimwacha aamini hivyo mpaka alipoanza kuwasimulia mafundi wenzake, akiilaumu hospitali kwa jina, mbele yangu. Jioni ile nikamweleza yote. Alinyamaza, kisha akauliza jambo moja tu: kwa nini sikumsomea lile swali. Sikuwa na jibu.

Filamu ya jicho na ripoti yake sasa zimo kwenye mfuko wa plastiki pamoja na hati ya kiwanja chake, kwa sababu kila atakayemwandikia MRI atahitaji kuziona. Miwani mpya ya kukingia nimemnunulia. Anaivaa akiniona naja.