Jina Lako Haliendi Marekani, Mama



Leo tunataka kuongea juu ya kazi ambayo wengi wetu tumeifanya hapa Nakivale: kuzunguka na watafiti wa saikolojia, nyumba kwa nyumba, tukiuliza watu mambo ya moyoni. Watoto wanatuita "watu wa maswali". Sawa, hatukatai.

Kuna mama mmoja alitupokea vizuri, akatutolea viti nje. Tukamsomea karatasi ya idhini: utafiti unahusu nini, ana haki ya kukataa, anaweza kuacha katikati na hakuna atakachonyimwa. Akasikiliza mpaka mwisho. Halafu akauliza, "Nimeelewa, wanangu. Sasa nikisema silali usiku, jina langu litaenda Marekani?"

Tukaangaliana. Siku hiyo tulitakiwa kumaliza watu wanane, na tulikuwa na watatu tu. Zamani tungejibu, "Tutaona, mama." Hatukuona kama ni uongo. Lakini ile "tutaona" mtu anaishika kama ahadi. Akisha kuishika, kila swali atajibu "kila siku, kila siku", kwa sababu anadhani mwenye shida kubwa ndiye anayepanda ndege. Na mwingine atajibu "hapana" kwa kila kitu, akiogopa kuandikwa kichaa. Hayo siyo majibu tena, ni maombi na woga.

Tukamwambia, "Jina lako haliendi Marekani, mama. Hata namba ya kadi yako ya chakula hatuandiki."

Akasema, "Basi niacheni nifue nguo zangu." Tulipoinuka akaongeza, "Lakini ninyi mmesema ukweli. Waliopita kabla yenu hawakusema."

Neno hilo lilituchoma, maana katika hao waliopita kabla, wengine ni sisi. Jioni tulimweleza msimamizi habari za zile "tutaona" zetu. Alikasirika sana, halafu akaziweka fomu zile kando, hazikuhesabiwa. Kazi ya siku kadhaa ilipotea, na tulistahili.

Tangu hapo tukaanza kuuliza na sisi: utafiti huu unatengenezwaje hasa? Haya ndiyo tuliyojifunza.

Kwanza ni maneno. Dodoso nyingi zinakuja kwa Kiingereza. Tuliwahi kupewa swali lililotafsiriwa "unajisikia uko chini?" Mzee mmoja akatujibu, "Chini wapi? Si nimekaa kwenye kiti?" Ndiyo maana inatakiwa mmoja atafsiri kwenda Kiswahili, halafu mwingine ambaye hajaona Kiingereza cha mwanzo arudishe. Zikilinganishwa, makosa yanaonekana. Na kuna maneno yetu wenyewe. Mtu wa kwetu akisema "niko na mawazo", hamaanishi anafikiri. Anaumia. Mtafiti asiyejua hilo atapita juu ya kidonda bila kukiona.

Pia kuna vipimo. Dodoso moja linalotumika sana lina maswali tisa juu ya wiki mbili zilizopita, na kila swali lina majibu manne, kuanzia "hata kidogo" mpaka "karibu kila siku". Watu wanachanganya hayo manne. Sisi tunapanga glasi nne: tupu, yenye maji kidogo, ya nusu, iliyojaa. Mtu anaonyesha kwa kidole, basi. Swali la tisa linagusa mawazo ya kufa au kujiumiza. Ukipata "ndiyo" pale, huandiki tu ukaenda nyumba inayofuata. Unakaa naye, unampigia mshauri, na huondoki mpaka amekabidhiwa kwa mtu.

Jambo gumu kuliko yote kueleza ni kura. Jirani anauliza, "Kwa nini yule amepata mshauri, mimi naambiwa ningoje? Mnapendelea?" Hapa tunatoa mfano wa Nakivale yenyewe. Kuna utafiti uliochapishwa mwaka 2008, wa Frank Neuner na wenzake. Walikuwa wakimbizi 277, Wanyarwanda na Wasomali, wenye maumivu ya akili yaliyotokana na mabaya waliyoyapitia. Washauri hawakuwa madaktari wakubwa. Walitoka katika jamii ya wakimbizi hao hao, wakafundishwa. Kundi moja lilisaidiwa kusimulia maisha yao yote kwa mpangilio, tangu kuzaliwa, mazuri na mabaya. La pili lilipata ushauri wa kawaida zaidi, usio na hatua kali. La tatu lilifuatiliwa tu bila tiba hiyo.

Walipopimwa baadaye, 70 kati ya 100 katika kundi la kwanza hawakuwa tena na ugonjwa ule. La pili, 65. La tatu, 37.

Angalieni hiyo 37. Kuna waliopata nafuu bila tiba hiyo, kwa muda kupita, kwa majirani, kwa sala, kwa sababu zao. Kama lile kundi la tatu lisingekuwepo, tungepiga makofi tukasema wote 70 wameponywa na washauri. Sasa tunajua sehemu ipi ni ya washauri kweli, na tunajua kijana mkimbizi aliyefundishwa vizuri anaweza kumsaidia mtu. Hilo si dogo kwetu.

Na kwa nini kura? Kwa sababu tukichagua sisi, tutachagua ndugu na marafiki. Tukiacha watu wajitokeze wenyewe, watakuja wenye nguvu ya kutembea, na yule asiyeweza kutoka kitandani hatumwoni. Kura haijui kabila wala jirani.

Lakini anayengoja naye ni mtu. Katika utafiti mwingine hapa Uganda, uliochapishwa mwaka 2020, wanawake 694 kutoka Sudan Kusini walishiriki huko Rhino Camp. Kura ilipigwa kwa vijiji 14, siyo kwa mtu mmoja mmoja, maana majirani wanaambiana mambo. Upande mmoja walipata kozi ya wiki tano ya kusikiliza sauti iliyorekodiwa pamoja na wenzao. Upande wa pili hawakuachwa mikono mitupu: walipewa huduma ya kawaida iliyoongezwa. Huo ndio utaratibu tunaotaka tuuone kila mahali.

Kwa hiyo, ninyi wenye kuleta utafiti kambini: mna kibali cha serikali na cha kamati ya maadili, tunajua. Lakini tuambieni pia mtarudi lini na majibu. Kuna kundi tulilizungusha kijiji kizima siku nyingi, likaondoka na fomu zake, mpaka leo kimya. Watu hawawaulizi wao, wanatuuliza sisi kwenye foleni ya maji.

Na ninyi vijana wenzetu mnaobeba dodoso: usiseme "tutaona" kama unajua hakuna. Afadhali urudi na watu watatu waliosema kweli kuliko wanane waliojibu kwa matumaini uliyowapa wewe. Anayekataa mwache, na kesho msalimie vilevile.

Yule mama bado tunapita kwake. Hajawahi kujibu dodoso letu hata moja. Ila juzi alimwita mmoja wetu pembeni, bila fomu, akamwambia mwenyewe kwamba halali usiku. Tukampeleka kwa mshauri. Hayumo katika hesabu ya utafiti wowote, na ni sawa.