Moshi Upewe Njia Kwanza

Mvumi, Dodoma
Mei 2025

Mpwa wangu mpendwa,

Picha za nyumba yenu mpya huko Nala zimenifikia.

Nimeiangalia sana picha ya jikoni. Unataka lile shubaka mliloliacha ukutani lijengwe jiko la kuni, mama yako atakapohamia kwenu apike anavyopenda. Umefanya vyema kumfikiria dada yangu. Ugali wa watu kumi hausongeki juu ya mtungi mdogo wa gesi unaoyumba, na kwa umri wake simlaumu akikataa kujaribu. Lakini unasema fundi amekuahidi kazi ya siku moja: ajenge jiko humo, atoboe tundu ukutani moshi utoke, alipwe aondoke. Usimruhusu.

Shubaka lina kuta tatu na dari fupi. Joto ambalo kwenye mafiga ya uani lingetawanyika, humo hukaa na kupiga ukuta siku baada ya siku, mpaka lipu inapasuka na tofali za saruji zinaanza kumeguka. Moshi nao hujikusanya chini ya dari hiyo, kisha humwagika usoni mwa mpishi. Tundu la ukutani haliuvuti. Kinachouvuta ni dohani ndefu iliyopata moto ndani yake, kwa kuwa hewa ya moto ni nyepesi. Ikipanda, huivuta nyingine nyuma yake. Na upepo wetu unaujua. Kuanzia Agosti hadi Oktoba unavuma mchana kutwa, na tundu lililoelekea upepo litaurudisha moshi wote ndani.

Kwa hiyo dohani ndiyo ianze, jiko lifuate. Ipande wima, bila kona nyingi, ipite juu ya bati kwa mita 1 hivi. Kama mgongo wa paa uko karibu, kichwa cha dohani kikizidi kila kilicho ndani ya mita 3 kwa sentimita 60, upepo hautakuwa na nguvu ya kuusukuma moshi chini. Juu yake iwekwe kofia ya bati ya kuzuia mvua, iliyoinuliwa ili moshi upite pembeni. Sehemu ya chini, inayopokea moto wenyewe, ijengwe kwa tofali za kuchoma au bomba la chuma kizito. Usikubali bati la zinki hapo, maana zinki ikipata moto mkali hutoa mvuke wenye sumu.

Ninachokiogopa kuliko vyote ni pale dohani inapopita darini. Tembe la babu zetu lilikuwa na paa la udongo, na moshi ulipenya humo ukawafukuza wadudu kwenye miti na mbegu. Nyumba yako ina kenchi za misonobari, kavu kabisa, na silingi chini yake. Mbao inayopashwa joto kila siku kwa miaka huzidi kukauka, mpaka siku moja inawaka bila kuguswa na mwali. Kenchi yoyote iliyo karibu na dohani ikatwe na kuungwa upya pembeni. Ibaki nafasi wazi pande zote, nayo ifunikwe kwa bati tu. Juu ya shubaka pia iwepo linta ya zege, wala usitundike pale rafu ya mbao uliyoichora, hata kama inapendeza.

Jiko lenyewe lisikutoe jasho. Udongo wa kichuguu ndio bora. Changanya na mchanga na mabua yaliyokatwakatwa, finyanga donge la kujaribia, likaushe kivulini. Likipasuka, ongeza mchanga. Tundu la kuni liwe dogo, na ndani yake kiwekwe kichanja cha chuma ili hewa ipite chini ya kuni. Jiko lisigusane na kuta za shubaka: acha upana wa kiganja pande zote, ujaze majivu makavu, nayo yatazuia joto lisifike ukutani. Kisha mliache likauke wiki mbili au tatu kabla ya kuwashwa, na moto wa kwanza uwe mdogo.

Kuni usinunue za mti mbichi uliokatwa porini. Unajua Kondoa ilivyoliwa na makorongo miti ilipofyekwa, hadi Serikali ikaanzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma (HADO) mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa kule. Shambani kwetu visiki vya migunga vinachipua, tunavipogoa kama wanavyofundisha watu wa mradi wa Kisiki Hai, na matawi yanatutosha. Nitakutumia. Yakifika, yapange juani. Mpaka Novemba yatakuwa makavu; usiyachome kabla hayajakauka, kwani kuni mbichi hujaza dohani masizi yanayonata, na hayo masizi ndiyo hushika moto. Dohani isuguliwe kila baada ya miezi michache.

Sasa sikia hili kama agizo. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 duniani mwaka 2020, wakiwamo watoto wadogo zaidi ya 237,000. Jiko lenye dohani hupunguza moshi, haliumalizi. Dirisha la jikoni libaki wazi wakati wa kupika, na mtoto wako asibebwe mgongoni mbele ya moto. Usiku wa Juni na Julai ukiwa wa baridi, mtu asihamishie makaa chumbani kwa karai au jiko la mkaa. Hewa ya sumu ya makaa haina harufu, na aliyelala haamki.

Mkakati wa Taifa wa mwaka 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ya kupikia ifikapo 2034, nami nauunga mkono. Chai, mboga na uji wa mtoto vipikwe kwa gesi. Jiko la kuni liwe la sufuria kubwa na la mama yako.

Mwambie fundi asikate bati wala kenchi kabla sijafika. Nitumie ujumbe siku atakayokuwa tayari, nitapanda basi la asubuhi.

Ni mimi mjomba wako.